Posa ya Baharia wa Wabera

Ukitaka kuwadharau binadamu bila kujichosha, simama katika ofisi ya vifurushi kando ya barabara kuu ya Isiolo asubuhi, basi la Nairobi likikaribia kuondoka. Kila aliyeko pale anaamini mzigo wake ndio sababu ya basi kuundwa. Wauza miraa wanapitisha magunia juu ya vichwa vya watu, akina mama wa maziwa ya ngamia wanasukuma mitungi kwa magoti, na karani wa kaunta, kijana mwenye saa kubwa na akili ndogo, anaandika jina la mtu mmoja polepole kana kwamba analichonga kwenye jiwe.

Katikati ya fujo hiyo alisimama Robow Abdighani. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likakakamaa, suruali nyeusi, miwani ya jua, na viatu vinavyong'aa. Isiolo mtu wa viatu vinavyong'aa ni bwana harusi au ni mgeni ambaye bado hajajua vumbi litamfanya nini. Robow hakuwa hata mmoja wao. Alizaliwa katika mtaa wa Wabera, mjukuu wa sajini Msomali wa jeshi la mkoloni aliyetupwa katika mji huu baada ya kupigana vita visivyomhusu. Baba yake alikuwa na malori. Yeye aliyakataa malori akaenda baharini, na sasa alikuwa afisa wa tatu wa meli za mizigo, mtu wa kushika zamu na kuiongoza meli wakati nahodha amelala. Mtaa mzima haukuwahi kumsamehe.

Mkononi alikuwa na bahasha. Cheti chake cha uafisa kilikuwa kimeisha muda, na bila kufanywa upya hakuna meli ambayo ingemruhusu hata kufagia. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua za manahodha wake na cheti cha daktari. Aliiweka kaunta ili atoe kitambulisho mfukoni, na mtungi wa maziwa ukatua juu yake.

"Dada, mtungi wako umekalia bahasha yangu."

Mwanamke hakugeuka. "Ambia bahasha yako isogee."

"Hii ni kaunta!"

"Ni kaunta ya maziwa mpaka basi iende. Uliza mtu yeyote."

Aliinua mtungi. Chini yake doa la maziwa lilikuwa limeshaingia hadi ndani. Robow alitoa karatasi ya juu ikiwa inachuruzika.

"Umemwagia cheti changu cha daktari!"

Hapo ndipo mwanamke aligeuka. Alikuwa mrefu, amevaa dera la manjano lililokunjwa na kuchomekwa kiunoni, gambuti miguuni, na ushungi mweusi uliofungwa kwa nyuma usimsumbue kazini. Macho yake yalikuwa makubwa na hayakuwa na huruma yoyote. "Pole. Unaugua nini?"

"Siugui! Ni cheti cha kusema mimi ni mzima."

"Kwani mtu mzima anahitaji karatasi ya kumwambia yeye mzima?"

Watu walicheka. Robow akafanya kosa ambalo wanaume wenye viatu vinavyong'aa hulifanya daima, alijitambulisha. "Mimi ni afisa wa meli."

Ofisi nzima ilicheka upya, kwa nguvu zaidi. "Meli?" mwanamke aliuliza. "Hapa hata maji ya mfereji yanakuja kwa miadi, wewe unangoja meli?"

Jina lake lilikuwa Kabale Jattani. Alikusanya maziwa kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka Nairobi, na hakuwa na muda wa kuomba radhi mara mbili. Robow aliondoka akimchukia kwa dhati, na njia nzima hadi Wabera alitunga majibu makali ambayo angepaswa kuyatoa.

Mchana huo simu yake iliita.

"Haloo, naongea na mgonjwa?"

"Nani wewe?"

"Mwenye mtungi. Namba ilikuwa kwa mgongo wa bahasha, na mimi si kipofu. Ile karatasi yako ya uzima ilikauka?"

"Niliianika juani. Inanuka maziwa."

"Maziwa ya ngamia hainuki. Labda ni wewe."

"Umenipigia kuniomba msamaha ama kunitukana?"

"Nilikuwa naanza na matusi, msamaha ungekuja mwishoni. Sasa umeharibu."

Robow alijikuta anacheka, jambo lililomuudhi sana. Kesho yake alituma karatasi zile hivyo hivyo, na doa lake, na jioni walikuwa wameketi katika mkahawa mdogo karibu na msikiti, kila mmoja na kikombe chake cha chai, wakitazamana kama wafanyabiashara wawili wanaotiliana shaka.

"Toa hiyo miwani," Kabale alisema. "Hapa hakuna mawimbi."

Aliitoa. Akamweleza habari za Durban na Jeddah, za mashua za kuokolea watu, za zamu ya alfajiri ambapo bahari yote ni ya mtu mmoja. Kabale alisikiliza akiwa ameshika shavu.

"Maji yote hayo na hayanyweki?"

"Hayanyweki."

"Basi ni hasara tupu. Ngamia mmoja anayashinda."

"Ngamia anakutemea mate."

"Anajua anayestahili."

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa kudharauliana waziwazi, na sijui kama kuna njia iliyo bora. Robow alimpenda kwa sababu hakustaajabishwa na chochote chake. Na Kabale, aliyewacheka wanaume wote wa Isiolo kuanzia wenye magari hadi wenye misuli, alimpenda mtu wa meli katika mji usio na ziwa. Kila siku baada ya basi kuondoka alimpigia simu. Alimwita Kapteni ingawa alijua vizuri kwamba hajafika cheo hicho. Robow alimwita Malkia wa Mitungi, na akijisahau, roho yangu.

Wakati huohuo cheti hakikuja.

Ofisi ile ya Mombasa sitaitaja jina, maana haijafanya kazi ya kustahili kutajwa. Kwanza ilisema karatasi hazijafika. Zilipopatikana, chini ya chai ya mtu bila shaka, ilisema sistimu imelala. Sistimu ilipoamka, ikagundulika kwamba cheti cha daktari, kilichofika kikiwa hai, kimekufa kwa uzee juu ya meza yao, hivyo mwombaji apimwe tena. Robow alikwenda Nairobi akapimwa tena na daktari yuleyule, aliyemkuta mzima vilevile, ila amekonda kwa hasira. Kwenye mtandao kulikuwa na neno moja tu lililokaa pale kama mgeni asiyejua kuaga: Inashughulikiwa.

Alipiga simu. Sauti ya msichana, tamu na isiyo na faida, ilimjibu.

"Kaka, cheti chako kiko tayari. Kimebaki sahihi tu."

"Basi kitieni sahihi."

"Mkubwa wa kutia sahihi hayuko. Yuko semina Naivasha."

"Semina ya nini?"

"Ya kuharakisha huduma. Rudi wiki ijayo."

Kila wiki Robow alirudi, na kila wiki alirudishwa.

Vijana wa kibanda cha miraa, ambao kazi yao yote duniani ni kutafuna na kutazama, walimngojea kila asubuhi. "Kapteni, meli imefika?" "Kapteni, leo bahari ya Isiolo imechafuka?" Baba yake, Mzee Abdighani, aliyevaa kofia ya kufumwa na fulana nyeupe chini ya malori yake, hakumsaidia. "Nilikuambia ushike usukani wa lori. Lori haliulizi cheti cha mkojo."

Kabale peke yake ndiye aliyemcheka bila kumuumiza. "Ngamia hubeba mimba zaidi ya mwaka," alimwambia kwenye simu, "na wallahi naona atawatangulia hao watu wako."

Kisha wakala wa mabaharia akapiga simu kutoka Mombasa. Meli ya mizigo ingeingia bandarini mwisho wa mwezi. Nafasi ya afisa wa tatu ilikuwa ya Robow akiwa na cheti. Asipokuwa nacho, ni ya mwingine. Safari ingechukua karibu mwaka mzima. Robow alifurahi mpaka alipokumbuka Umuro.

Umuro alikuwa mfanyabiashara wa mifugo wa Garbatulla, mwenye pikapu mpya na tumbo jipya, na wazee wake walikuwa wameshapita nyumbani kwa Mzee Jattani, baba yake Kabale. Msichana asiye na neno la mtu mwingine angekuwa wa Umuro kabla mvua hazijaanza. Robow akienda baharini bila kuposa, angempoteza Kabale. Ilikuwa wazi hivyo.

Alimpigia.

"Kabale."

"Kapteni."

"Nikienda hivi hivi, nitarudi nikukute Garbatulla unampikia Umuro."

"Umuro ana meno mazuri."

"Kabale!"

"Nini? Hata mbuzi wake wana meno mazuri. Nasema tu ukweli."

"Nataka kuleta wazee."

Upande wa pili mitungi ilisikika ikigongana, mtu akimwita, yeye asiitike.

"Lete," alisema kwa sauti ndogo ambayo Robow hakuwahi kuisikia. "Lete, Robow. Lete haraka."

Mzee Abdighani alikwenda na ndugu yake Bule, siku ya Jumatano. Walivaa kanzu zilizonyooka na walibeba kifurushi cha buni, kwa maana waliambiwa kwamba kwa Waborana, watu wa kina Jattani, posa hupelekwa na buni. Waliambiwa hilo tu, wakaridhika. Watu wa mjini huamini kwamba desturi ya jirani yao ni ile wanayoijua wao, ila imevaa nguo chafu kidogo. Kwao posa ni kazi ya alasiri moja. Unasema, unajibiwa, unakula, unakwenda nyumbani.

Mzee Jattani aliwapokea vizuri. Aliwaketisha kwenye mkeka, akawapa maziwa katika vibuyu vilivyofukizwa moshi, akauliza habari za barabara. Kisha Abdighani akasafisha koo na kusogeza kifurushi mbele.

Jattani alikitazama. Akazungumza juu ya mvua. Akazungumza juu ya bei ya mbuzi. Mwishowe akachukua fimbo yake na kukisukuma kifurushi taratibu mpaka kikagusa goti la Abdighani.

"Rudisheni," alisema. "Hapa kwangu hakuna msichana. Iko ngamia tu, na hiyo si ya kuoa."

Mtu yeyote aliyelelewa katika boma lao angetoka pale akipiga mluzi. Kufungua buni ya posa ndiko kukubali, na nyumba ya Jattani haiifungui siku ya kwanza, wala ya pili. Baba anayefungua upesi anatangaza kwamba binti yake anamlemea. Buni hurudishwa, wazee hurudi nayo, hurudishwa tena, mpaka wote waridhike kwamba mwanamke huyu hakuokotwa njiani. Aliyekataliwa kweli hapewi maziwa. Abdighani na Bule walikuwa wamekunywa vibuyu viwili kila mmoja.

Lakini hawakuuliza. Bule alitoka akifoka. "Warya, tumefukuzwa! Kwa fimbo! Kama mbuzi imekula nguo ya mtu!"

Nyuma ya pazia Kabale alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja ili furaha isisikike. Baba yake alikuwa amesukuma kifurushi taratibu. Cha Umuro alikuwa amekisukuma kwa mguu. Alikimbilia simu.

"Robow! Umefurahi?"

Robow alikuwa ameketi kitandani. Asubuhi hiyo ofisi ilikuwa imemwambia arudi wiki ijayo, na mchana baba yake alikuwa amemwambia alichoambiwa.

"Nifurahi nini? Unanicheka?"

"Nikucheke kwa nini? Kila kitu kimeenda vizuri. Wazee wako warudi tu."

"Warudi." Alilitamka polepole. "Nyinyi na ile ofisi ni mama mmoja baba mmoja. Rudi wiki ijayo, rudi mwezi ujao. Baba yako pia yuko semina?"

"Unamwongelea nani hivyo?"

"Mzee mwenye fimbo. Angekuwa na kaunta na muhuri angekuwa karani kamili."

Angesema neno moja tu, Kabale, mambo yangenyooka. Angesema: desturi. Lakini yeye naye alikuwa na kichwa, na kilikuwa kimejaa. Mwanamume anayempenda alikuwa amemwita baba yake karani, na karani ndiye kiumbe aliyemdharau kuliko fisi.

"Sikiza, Kapteni wa vumbi," alisema, na sauti ilimkatika mara moja tu. "Mtu asiyeweza kurudi mara ya pili kwa ajili yangu, mimi sina haja naye. Nenda kaoe bahari. Haina baba."

Akakata. Robow alipiga tena, simu ikawa imezimwa. Yeye naye akaizima yake, kwa kisasi, kitendo ambacho hakikumuumiza mtu yeyote ila yeye.

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu kwa wote wawili. Kabale aliwafokea wachukuzi na kumwaga maziwa. Robow alikaa ndani, akafungua mtandao, akafunga, akafungua. Inashughulikiwa. Wazee wa Umuro walikuwa wamekwenda mara ya pili, na ya tatu ilikuwa imepangwa Jumamosi, baada ya Jattani kurudi kutoka malishoni siku ya Ijumaa. Mtaa mzima ulisema safari hiyo buni itafunguliwa.

Aliyevunja upumbavu huu alikuwa Farhiya, dadake Robow, aliyekwenda kununua maziwa kwa sababu tu nyumbani yaliisha.

"Salaam aleikum, Kabale."

"Aleikum salaam. Jaza mwenyewe." Kabale hakumtazama. Kisha hakuweza kujizuia. "Wazee wenu ni wagonjwa?"

"Wazima. Kwa nini?"

"Hawajarudi."

"Warudi wapi? Si walifukuzwa?"

"Walikunywa maziwa?"

"Baba alisema alikunywa mpaka akashiba."

"Sasa Farhiya, abo, nani hapa duniani anafukuza mtu halafu anamshibisha?"

Farhiya alisimama na chupa mkononi. Walitazamana. Kisha Kabale akaketi juu ya mtungi, akafunika uso kwa ushungi wake, na Farhiya hakujua kama anacheka au analia. Alikuwa anafanya yote mawili.

Farhiya alifika nyumbani akikimbia. Alimkuta Robow amesimama uani na simu mkononi, uso umempauka. Neno kwenye mtandao lilikuwa limebadilika. Mkubwa alikuwa amerudi kutoka Naivasha na ametia sahihi. Hakuna aliyeeleza kwa nini leo na si miezi iliyopita. Ofisi ya namna hiyo hutoa haki kama mtu anayetupa mabaki, bila kuangalia nani anayaokota. Cheti kilipaswa kuchukuliwa Mombasa, na meli ingeng'oa nanga Alhamisi. Leo ilikuwa Jumanne. Alipaswa kuondoka alasiri hiyohiyo.

Farhiya akamweleza habari za buni. Robow alisikiliza hadi mwisho, akaketi kwenye ngazi, kisha akainuka kwenda kwa baba yake.

Mzee Abdighani alikuwa chini ya lori. Alisikia yote na hakutoka.

"Sirudi."

"Baba, ni desturi yao. Haikuwa matusi."

"Mimi mtoto wa sajini. Nimesukumiwa kifurushi na mchunga ngamia mbele ya ndugu yangu. Nirudi nikasukumiwe tena?"

"Na mara ya tatu, ikibidi."

"Wewe mtoto umeingiwa na nini? Wasichana wamejaa mtaa huu. Baba zao wanajua kujibu."

Robow alichuchumaa karibu na gurudumu ili amwone uso. "Baba, nimerudi kwa watu wa Mombasa mpaka sauti yangu wanaijua. Watu wasionijali. Watu ambao hawajawahi kunipa hata maji. Nimerudi kwa sababu ya karatasi. Nilidharauliwa, nikarudi. Huyu ni mke wangu, na baba yake alikupa maziwa ukanywa. Naenda safari, na kwao siwezi kwenda mwenyewe. Nakuomba."

Mzee Abdighani aliendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

"Basi lako litakuacha," alisema.

Robow aliinuka. Alichukua begi lake na kupitia kwenye banda la maziwa. Kabale alikuwa anasuuza mitungi, amevaa lile dera la manjano, mikono imelowa hadi viwikoni. Alipomwona na begi alielewa, akaendelea kusuuza.

"Cheti kimetoka," Robow alisema.

"Naona. Viatu vimeng'aa."

"Nilimtukana baba yako."

"Ulimtukana."

"Nimekosa, Kabale. Nilichoka kurudishwa, nikakuwekea wewe hasira ya watu wengine. Mimi ni mjinga."

"Hilo nalijua tangu siku ya bahasha." Aliweka mtungi chini. "Na mimi ningesema neno moja tu. Nikanyamaza kwa kiburi. Tuko wawili wajinga, roho yangu, hatutakosa watoto wajinga."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. Robow alisahau kucheka.

"Baba hajakubali kurudi," alisema. "Nimemwomba. Amenyamaza."

"Jumamosi ni Umuro."

"Najua."

"Baba yako asiporudi Ijumaa, baba yangu atafungua buni ya Umuro, na hatakuwa na kosa."

"Najua. Nibaki?"

Alikuwa tayari kubaki. Kabale aliona hilo usoni mwake, na kwa muda mfupi alitaka sana kusema ndiyo. "Ukibaki bila kazi, baba atakuuliza unamlisha nini binti yake. Utasema nini, hadithi za Jeddah? Nenda. Mambo ya hapa niachie."

"Utafanya nini?"

"Sijui. Nenda kabla sijajua."

Ijumaa baada ya sala, Mzee Abdighani aliingia kwa Mzee Jattani na Bule nyuma yake, wote wawili wamenuna kama watu waliopelekwa kupigwa sindano. Kifurushi kilikuwa kilekile. Aliketi, akanywa maziwa aliyopewa, na safari hii aliyaonja kwa makini. Kisha akasogeza kifurushi.

Jattani alikitazama, naye alipendezwa ingawa hakuonyesha. "Kijana mwenyewe iko wapi?"

"Baharini," Abdighani alisema. "Ameingia melini jana."

"Inarudi lini?"

Abdighani angeweza kudanganya. Bule alimkanyaga mguu adanganye. "Labda mwaka. Labda zaidi. Sijui."

Jattani alitikisa kichwa polepole, na sasa dharau yake haikuwa ya desturi. "Mtu anaposa, halafu anakimbilia maji. Umuro iko hapa. Pikapu yake naiona kwa macho. Huyu wako atakaa mwaka nzima na mimi nitazame nini?" Alichukua fimbo. Aliisimamisha mbele ya kifurushi, na namna alivyoishika haikuwa ya taratibu.

"Abba, nitamngoja."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Wanaume watatu waliganda. Binti hasemi katika posa yake. Hakohoi hata kukohoa. Binti akisema, amejivunjia bei na heshima kwa pamoja, na habari itakuwa kwenye kila kibanda cha miraa kabla jua halijatua. Hakuna mwanamume mwingine atakayetuma wazee kwa mwanamke aliyejitangaza hivyo. Kabale alijua hayo yote. Alisimama nyuma ya kitambaa kile, masikio yanawaka moto, akarudia kwa sauti zaidi ili asije mtu akasema amesikia vibaya.

"Hata kama ni zaidi ya mwaka. Nitamngoja yeye."

Uso wa Jattani ulijikunja kwa aibu. Bule alitazama dari. Ni Mzee Abdighani, yule mwenye majivuno kuliko wote, aliyenyanyua kibuyu kilichokuwa tupu, akajifanya anakunywa, akakiweka chini.

"Sisi hatukusikia kitu," alisema kwa upole. "Tutarudi Ijumaa nyingine, na nyingine, mpaka utuchoke."

Jattani aliisogeza fimbo, taratibu, ikakisukuma kifurushi hadi gotini pa Abdighani. Jioni hiyo mtu alitumwa kwa watu wa Umuro kuwaambia wasijisumbue kesho.

Kabale alimpigia Robow akiwa amejificha nyuma ya banda la maziwa. Meli ilikuwa bado karibu na pwani, mtandao unashika na kuachia.

"Walikuja," alisema.

"Baba alikuja? Wallahi? Baba yako amesemaje?"

"Wataendelea kuja. Umuro ameambiwa basi."

"Basi? Namna gani, ghafla hivyo?"

Kabale alitazama nyuma kuona kama kuna anayesikia. "Mimi nilisema. Mbele ya wazee. Nikasema nitakungoja."

Upepo ulivuma kwenye simu. Robow alijua maana yake. Farhiya alikuwa amemfundisha mengi kwa siku moja. "Ulisema mwenyewe? Kwa mdomo wako? Hukuona haya?"

"Niliona. Bado naona. Kila mtu anayepita hapa ananitazama. Usinifanye nikaona haya bure, Robow."

"Sitakufanya," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuna aliyemcheka mwenzake.